Arpad Elo: Mwalimu wa fizikia aliyeweka mizani kwenye sataranji

Msikilizaji wetu, ukifungua programu ya sataranji kwenye simu yako na kubonyeza sehemu ya kucheza, mpinzani wako huchaguliwa na programu yenyewe. Unasubiri sekunde chache tu, kisha mtu usiyemjua, pengine yuko India au Brazil, anakaa upande wa pili wa ubao. Kando ya jina lake kuna namba, na kando ya jina lako kuna namba. Mara nyingi namba hizo mbili zinakaribiana, na mchezo wenyewe unakuwa wa kubanana: leo unashinda, kesho unashindwa.

Kwa anayeanza, siku za kwanza huwa ngumu. Kijana anajiunga, anafungwa mechi tano au sita mfululizo, namba yake inaporomoka, anadhani programu inamwonea, anaifuta. Aliyekaa muda mrefu naye ana lalamiko lake: iweje mtu aliyejiunga jana awe na namba sawa na yangu, mimi niliyecheza mwaka mzima?

Malalamiko hayo mawili ni ya zamani kuliko simu zetu, na mtu aliyehangaika nayo kwa miaka mingi anaitwa Arpad Elo. Alifariki mwaka 1992, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajawahi kutumia intaneti. Hata hivyo jina lake linatajwa kila siku na mamilioni ya wachezaji, na wengi wao hawajui kwamba ni jina la mtu. Huliandika kwa herufi kubwa tupu, ELO, kana kwamba ni kifupi cha maneno fulani. Leo tunaeleza maisha yake, na namna alivyopima uwezo wa mchezaji ili kila mtu akutane na wa saizi yake.

Mtoto wa kijiji cha Hungaria

Arpad Elo alizaliwa tarehe 25 Agosti 1903 katika kijiji cha Egyházaskesző, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Hungaria. Wakati huo eneo hilo lilikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Kwa lugha ya kwao jina lake la ukoo huandikwa Élő, na maana yake ni hai. Neno hilohilo ndilo watangazaji wa Hungaria hulitumia wanapoeleza kwamba matangazo ni ya moja kwa moja.

Mwaka 1913, akiwa mtoto wa miaka kama kumi hivi, wazazi wake walihamia Marekani pamoja naye. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ililipuka huko walikotoka, na ilipokwisha, dola waliyoiacha haikuwapo tena.

Elo alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1925 na ya uzamili mwaka 1928. Kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu: kwa miongo kadhaa alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kando ya Ziwa Michigan.

Ni muhimu kukumbuka kwamba alikuwa mtu wa fizikia, kwa sababu fizikia ni somo la vipimo. Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba hakuna kipimo kisicho na kosa. Ukipima gunia moja la mahindi mara kumi kwenye mzani uleule, hutapata uzito uleule mara zote kumi. Kazi ya mpimaji ni kujua kosa lake ni kubwa kiasi gani, na kulipunguza kwa kupima tena na tena. Elo alipoleta fikra hiyo kwenye mchezo wa sataranji, mambo mengi yalibadilika.

Bingwa wa jimbo

Elo mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri. Katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa Milwaukee, mji ambao wakati huo ulikuwa na wachezaji wengi wa nguvu. Alishinda ubingwa wa jimbo la Wisconsin mara nane. Pia alikuwa mtu wa vikao na kamati. Alikuwa mmoja wa watu walioshiriki kuunda Shirikisho la Sataranji la Marekani mwaka 1939, pale vyama viwili vilivyokuwepo vilipounganishwa kuwa kimoja.

Mwaka 1957, katika mashindano yaliyofanyika Milwaukee, alipangiwa kucheza na kijana wa miaka 14 kutoka New York. Elo alikuwa anaelekea miaka 54, ana ubingwa wa jimbo na heshima ya uprofesa. Kijana alimfunga. Jina la kijana huyo lilikuwa Bobby Fischer, ambaye miaka kumi na mitano baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Mechi hiyo inaonyesha vizuri shida iliyokuwepo. Siku ile wawili hao walipokaa mezani, nani alikuwa mkubwa? Kwa umri, kwa cheo na kwa miaka ya kucheza, ni Elo. Kwa uwezo wa kusogeza kete, ni mtoto. Shirikisho lilihitaji njia ya kumjua mtoto kama huyo mapema, bila kusubiri apate jina.

Hali ilivyokuwa kabla yake

Wanaocheza bao au drafti kijiweni hawahitaji namba. Kila mtu anajua fulani ni fundi na fulani bado anajifunza, kwa sababu wote wanacheza pale pale kila jioni. Shida inaanza pale kijiwe kinapokuwa nchi nzima. Mchezaji wa California na mchezaji wa New York wanaweza kumaliza maisha yao bila kukutana. Mwandaaji wa mashindano akipokea majina 100 kwa barua, atajuaje nani apangwe na nani? Mara nyingi aliyesikika zaidi ndiye aliyepewa nafasi.

Mnamo mwaka 1950 shirikisho la Marekani lilianza kutumia mfumo wa namba uliobuniwa na Kenneth Harkness. Ulikuwa hatua kubwa. Harkness alichukua wastani wa namba za wapinzani wako wote katika mashindano. Ukipata nusu ya pointi zote, kiwango chako kwa mashindano hayo kilikuwa sawa na wastani huo. Kwa kila asilimia moja juu ya nusu uliongezewa alama 10, na kwa kila asilimia moja chini ya nusu ulipunguziwa 10.

Hesabu hiyo ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa na mashimo. Chukua mchezaji mwenye alama 1600 anayeingia kwenye mashindano ambayo wastani wa wapinzani wake ni 2200. Akifungwa mechi zote, anakuwa asilimia 50 chini ya nusu, anapunguziwa 500 kutoka 2200, na kiwango chake kwa mashindano hayo kinaandikwa 1700. Amefungwa kila mechi, na bado karatasi inasema amecheza vizuri kuliko alivyo.

Mwaka 1959 shirikisho liliunda kamati ya kuchunguza upya mfumo huo, na Elo akapewa uongozi wake.

Kizibo kinachoelea majini

Elo alianza na jambo ambalo kila mchezaji analijua: mtu hachezi sawasawa kila siku. Ni kama shamba. Shamba lilelile, mkulima yuleyule, mbegu ileile, lakini msimu mmoja linatoa magunia 12 na msimu mwingine 9. Hata hivyo ukiangalia misimu mingi utaona kuna kiwango ambacho mavuno yanakizunguka. Mchezaji naye ana kiwango chake, na kila mechi anacheza juu yake kidogo au chini yake kidogo.

Kiwango hicho hakionekani kwa macho. Tunachoona ni matokeo tu: ushindi, sare au kushindwa. Elo alieleza ugumu wa kazi hiyo kwa mfano wa kizibo cha chupa kinachopanda na kushuka juu ya maji, halafu mtu anataka kukipima mahali kilipo kwa rula iliyofungwa kwenye kamba inayopeperushwa na upepo. Kinachopimwa kinacheza, na kipimo chenyewe kinacheza.

Njia yake ilikuwa kuuliza swali moja kabla ya mechi: kwa namba za hawa wawili, tunatarajia nini? Wenye namba sawa wanatarajiwa kugawana pointi nusu kwa nusu. Mmoja akimzidi mwenzake kwa alama 200, anatarajiwa kuvuna kama robo tatu ya pointi zote, yaani karibu pointi 76 katika mechi 100. Akimzidi kwa alama 400, anatarajiwa kuvuna kama 91 katika 100.

Baada ya mechi, matokeo halisi yanalinganishwa na matarajio. Ukipata zaidi ya ulichotarajiwa, unapanda. Ukipata pungufu, unashuka. Tuchukue mfano wa wachezaji ambao mechi moja inaweza kuwasogeza kwa alama 20 kwa wingi. Wewe una 1500 na mpinzani wako ana 1700. Ukimfunga, unapanda kama alama 15, kwa sababu hukutarajiwa kushinda. Akikufunga, unashuka kama alama 5 tu, kwa sababu ndivyo ilivyotarajiwa. Mkitoka sare, wewe mdogo unapanda kama 5 na yeye anashuka kama 5.

Mfumo huu hauulizi umetoka wapi, umesoma hadi darasa la ngapi, au umeanza kucheza lini. Hauulizi pia umecheza kwa madoido gani. Unaangalia ulicheza na nani na matokeo yalikuwaje. Mkubwa akitaka kujaza namba kwa kuwaonea wadogo, atahangaika sana, kwa sababu kila ushindi unampa punje, na akiteleza mara moja anapoteza debe.

Marekani, kisha dunia

Shirikisho la Marekani lilianza kutumia mfumo wa Elo mwaka 1960. Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, liliukubali mwaka 1970. Orodha rasmi ya FIDE iliyotolewa mwaka 1971 ilimweka juu kabisa Bobby Fischer, yule mtoto wa Milwaukee, akiwa na alama 2760. Bingwa wa dunia wakati huo alikuwa Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti, mwenye alama 2690. Mwaka 1972 wawili hao walikutana Reykjavik, Iceland, na Fischer akachukua taji. Namba ilikuwa imekwisha kusema kabla ya taji kuhama.

Kwa miaka mingi Elo alifanya hesabu za orodha ya dunia yeye mwenyewe, kwa karatasi na kikokotoo, akipokea matokeo ya mashindano kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 1978 alichapisha kitabu kilichoeleza mfumo wake. Humo alikwenda hadi nyuma na kukadiria uwezo wa mabingwa waliokwisha kufa, akitumia kumbukumbu za mechi zao, akiwemo José Raúl Capablanca wa Cuba.

Namba zake zikawa pia mlango wa vyeo. Leo, kwa kawaida, mtu hapewi cheo cha grandimasta, ambacho ni cha juu katika mchezo huu, kama hajafikisha alama 2500, pamoja na masharti mengine ya mashindano. Zamani cheo kingeweza kutegemea sana jina na mapendekezo.

Mgeni asiye na namba

Sasa turudi kwa mgeni. Mfumo wa Elo unalinganisha namba mbili. Je, mtu anayekuja bila namba?

Fikiria mgeni anafika kijiweni kwenu na kuomba kucheza drafti. Hamumjui. Mkimpa fundi wenu, anaweza kuaibishwa akaondoka asirudi. Mkimpa mtoto anayejifunza, huenda mgeni ndiye bingwa wa huko alikotoka, na mtoto ndiye atakayelia. Kuna watu wawili wa kuwatendea haki hapa: mgeni mwenyewe, na yule atakayekaa naye kwanza.

FIDE inafanya hivi. Mgeni hapewi namba mara moja. Ni lazima kwanza acheze angalau mechi tano na watu wenye namba, na kutokana na matokeo hayo anakadiriwa. Akishaingia kwenye orodha, mechi zake zinamsogeza haraka: hadi alama 40 kwa mechi, mpaka atimize mechi 30. Baada ya hapo mwendo unapungua hadi 20, na akifikisha alama 2400 unakuwa 10. Vijana walio chini ya miaka 18 wanaendelea na mwendo wa 40 mradi wako chini ya 2300, kwa kuwa mtoto anakua kiuwezo haraka na namba isibaki nyuma yake.

Kwenye simu hakuna muda wa kusubiri mechi tano kabla ya kupewa mpinzani. Watu wanajiunga kila dakika na kila mmoja anataka kucheza sasa hivi. Hapo ndipo kazi ya Elo iliendelezwa na wengine. Mwaka 1995 mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Mark Glickman, alieleza mfumo alioupa jina la Glicko. Aliongeza namba ya pili kando ya ile ya kwanza. Namba ya kwanza inasema tunadhani uwezo wako ni kiasi gani. Ya pili inasema hatuna uhakika kiasi gani.

Katika Glicko mgeni anaanza na 1500, lakini mfumo unakiri kwamba haumjui. Kiwango chake cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya 800 na 2200 hivi. Kwa sababu ya kutokuwa na uhakika huko, mechi zake za mwanzo zinamrusha mbali, juu au chini. Kadiri anavyocheza, shaka inapungua na namba inatulia. Akikaa miezi bila kucheza, shaka inaongezeka tena kidogo, kwa kuwa huenda amesahau au amejifunza zaidi.

Yule aliyekutana na mgeni naye analindwa. Ukifungwa na mtu ambaye mfumo bado haumjui, unapoteza kidogo tu, kwa kuwa matokeo hayo hayasemi mengi kukuhusu wewe. Mtandao wa Lichess, ambao hautozi malipo, unatumia toleo la pili la mfumo huo, na mgeni anaonekana akiwa na alama ya kuuliza kando ya namba yake hadi atakapojulikana. Mitandao mingine humuuliza mgeni kwanza kama ni mwanafunzi kabisa au mzoefu, ili wamwanzishe mahali panapomfaa.

Kwa hiyo kijana aliyefungwa mara sita na namba yake ikaporomoka hakuonewa. Alikuwa anapimwa. Mfumo ulimweka katikati kwa kuwa haukumjua, ukaona hapo pamemzidi, ukawa unamshusha haraka ili umfikishe kwa wenzake. Akivumilia mechi kumi au ishirini hivi, ataanza kukutana na watu anaowafunga nusu na kufungwa nao nusu. Wengi wanaofuta programu wanaifuta wakiwa wamebakiza hatua chache kufika hapo.

Mwenye namba ya mwaka mzima naye ana jibu lake. Mgeni mwenye 1500 na wewe mwenye 1500 hamjawekwa sawa. Yako imethibitishwa na mechi nyingi. Yake ni ya kukadiria, na alama ile ya kuuliza ndiyo inayosema hivyo.

Pale namba inapodanganya

Mfumo huu una udhaifu, na ni vizuri kuujua. Namba ya Elo haipimi uwezo peke yake kama mzani unavyopima kilo. Inapima uwezo wako ukilinganishwa na wale uliocheza nao. Chukua watoto kumi wa shule moja, wote wameanza na 1500, na wanacheza wao kwa wao tu. Anachopata mmoja kinatoka kwa mwenzake. Hata wote kumi wakiwa mafundi baada ya miaka mitatu, wastani wao utabaki 1500 ileile. Hakuna atakayejua wamepanda hadi mmoja wao atoke nje akacheze na wengine.

Katika miaka ya 1990 mfungwa mmoja katika jimbo la Virginia, Marekani, alicheza mechi nyingi sana za mashindano na wafungwa wenzake. Kufikia mwaka 1996 namba yake ilikuwa imepanda hadi akawa wa pili kwa namba kubwa katika orodha ya nchi nzima. Alikuwa mchezaji mzuri, lakini si wa pili katika Marekani. Wapinzani wake walikuwa ndani ya kuta zilezile.

Mfano mwingine unauma zaidi. Julai 1984, Susan Polgár wa Hungaria, nchi aliyozaliwa Elo, alikuwa wa kwanza kwa namba miongoni mwa wanawake wote duniani, akiwa na miaka 15. Tofauti na wanawake wengi wa wakati huo, alikuwa akicheza sana na wanaume. Mwaka 1986 FIDE iliamua kuwaongezea wanawake alama 100 kila mmoja. Hoja ilikuwa kwamba wanawake walicheza zaidi wao kwa wao, kwa hiyo namba zao zilikuwa zimebaki chini, kama wale watoto wa shule moja. Susan Polgár peke yake hakuongezewa, kwa sababu yake aliipata kwa kucheza na wanaume. Orodha ya Januari 1987 ilipotoka, hakuwa tena wa kwanza.

Hoja ya alama kubaki chini ina mantiki ya kihesabu. Lakini kumwacha mtu mmoja nje kulizua malalamiko ambayo hayajasahaulika hadi leo. Miaka miwili baadaye, Januari 1989, mdogo wake Judit Polgár alifika kileleni mwa orodha ya wanawake akiwa na miaka 12, kwa alama 2555. Alizipata kwa kucheza na yeyote aliyekaa mbele yake. Mtoto wa miaka 12 hana jina wala cheo cha kumbeba. Alikuwa na matokeo tu, na kwa mizani ya Elo yalitosha.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1988 Elo aliingizwa katika jumba la heshima la sataranji la Marekani. Wakati huo watu walikuwa wanamkumbuka zaidi kwa namba kuliko kwa mataji yake nane ya Wisconsin. Inaelezwa kwamba uzeeni alikuwa na wasiwasi na alichokianzisha. Aliona baadhi ya vijana hawaangalii tena ubao, wanaangalia namba tu. Wengine waliacha kucheza kabisa baada ya kupanda, kwa kuogopa kushuka. Yeye alitaka chombo cha kupimia, na wao walikifanya kuwa mali ya kulinda.

Alifariki tarehe 5 Novemba 1992, Brookfield, Wisconsin, akiwa na miaka 89.

Kazi yake imevuka mipaka ya sataranji. Orodha ya ubora ya FIFA kwa timu za wanawake inatumia hesabu ya namna yake tangu mwaka 2003, na ya wanaume tangu mwaka 2018. Kwa hiyo unaposikia kwenye habari zetu za michezo kwamba Taifa Stars, Harambee Stars au Cranes wamepanda au kushuka kwenye orodha ya FIFA, ujue ni mizani ileile: wanatazamwa walicheza na nani, nini kilitarajiwa, na nini kilitokea. Ndiyo maana sare ugenini na timu kubwa ya Afrika inaweza kuipandisha timu yetu, na sare nyumbani na timu ndogo ikaishusha.

Basi kama una simu janja na bando kidogo, na unafikiria kuanza sataranji, tunakushauri mambo machache. Ukiulizwa kiwango chako, sema ukweli, kwa kuwa ukijikweza utafungwa na ukijishusha utamwonea mwenzako. Cheza angalau mechi 20 kabla ya kuamini namba yako. Usifungwe kwa makusudi ili ukutanishwe na wadogo, kwa sababu upande wa pili wa ubao kuna mtu anayejifunza kama wewe. Na kama mnacheza kikundi, shuleni au kijiweni, tafuteni siku ya kutoka mkacheze na kikundi cha kata nyingine. Namba zenu zitaanza kusema ukweli siku hiyo.